Ufanyaye Kazi Ng'ambo, Akiba Yako Uiweke Benki ya Wapi?

Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Nyingi ya pesa hizo huliwa na mahitaji: karo, matibabu, kodi ya nyumba, matumizi ya wazee. Kinachosalia baada ya hapo ndicho akiba, na makala haya yanahusu hicho kinachosalia.

Ndugu zetu wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu walioko Jeddah, Doha, Dubai, Maskati na London huulizana swali moja: niiweke pesa huku niliko, niipeleke Kenya, au nifungue akaunti katika nchi ya tatu, kama Jersey au Isle of Man, wafanyavyo Wazungu ninaofanya nao kazi?

Wengi huanza kwa kutafuta benki inayotoa faida kubwa zaidi. Faida ni jambo la maana, lakini liwe la mwisho kuulizwa. La kwanza ni hili: siku kazi ikiisha ghafla, au benki ikifungwa, au mauti yakinifika, pesa hizi zitatoka kwa njia gani, na zitaingia mikononi mwa nani? Akaunti inayojibu swali hilo vizuri ndiyo akaunti nzuri, hata kama faida yake ni ndogo.

Njia nne za kuweka

Ya kwanza ni benki ya nchi unayofanyia kazi, mara nyingi ile ile inayopokea mshahara wako. Ya pili ni benki ya Kenya. Mabenki yetu makubwa karibu yote yana akaunti za walio ng'ambo, za shilingi na za dola, pauni au yuro. Ya tatu ni akaunti ya nchi ya tatu, ambako huishi wala hukuzaliwa. Visiwa vya Jersey, Guernsey na Isle of Man ndivyo vinavyojulikana zaidi kwa kazi hiyo, na Mauritius nayo imo.

Ya nne haiandikwi kwenye tangazo la benki yoyote, nayo ndiyo inayotumika sana kwetu: akaunti ya ndugu. Pesa hutumwa kila mwezi kwa kaka, kwa mama au kwa mke, "zihifadhiwe hapo mpaka nije".

Tuianze hiyo ya nne, maana ndiyo inayovunja udugu. Pesa iliyo kwenye akaunti ya mtu mwingine, mbele ya benki na mbele ya sheria, ni ya mwenye jina. Akifariki, inahesabiwa katika mirathi yake. Akidaiwa, wadai wake wanaweza kuifuata. Akiitumia kwa dharura ya kweli, kwa mfano mtoto aliyelazwa hospitalini, utamlaumu vipi? Mara nyingi hakuna mwizi hapo. Kuna mtu mwema aliyebebeshwa amana bila maandishi, na wahenga walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tuma matumizi kwa ndugu, na akiba iwe kwa jina lako. Ukitaka ndugu akushughulikie malipo ya kiwanja au ujenzi, mpe hati ya uwakala iliyoandikwa na kushuhudiwa ubalozini au kwa wakili, inayosema ni shughuli gani na mpaka kiasi gani.

Benki ikianguka, nani atakulipa?

Kila nchi ina utaratibu wake wa kinga ya amana. Kenya, Shirika la Bima ya Amana, KDIC, humkinga mwenye amana hadi shilingi 500,000 kwa kila benki. Kabla ya Julai 2020 kinga ilikuwa shilingi 100,000 tu. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 mabenki matatu yalitiwa chini ya usimamizi: Dubai Bank Kenya, Imperial Bank na Chase Bank. Waliokuwa na akiba kubwa humo wanajua maana ya kungoja.

Kwa hivyo mwenye shilingi milioni 3 katika benki moja ya Kenya amekingwa sehemu ya sita tu ya pesa zake. Ziada hungoja mali za benki ziuzwe, ikiwa zitatosha. Dawa yake ni kugawa: benki mbili au tatu, zisizo za mwenyewe mmoja. Kumbuka pia kuwa sako haimo katika kinga hiyo ya KDIC, ingawa sako zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA.

Saudia ina mfuko wa kinga tangu 2016, unaofikia riali 200,000 kwa mtu kwa kila benki, yaani zaidi ya dola 53,000. Uingereza kinga ni pauni 120,000 tangu Disemba 2025. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 85,000.

Jersey, Guernsey na Isle of Man kinga ni pauni 50,000. Hapa watu hukosea. Visiwa hivi viko chini ya Mfalme wa Uingereza lakini si sehemu ya Uingereza, na vina sheria zao. Ukifungua akaunti Jersey katika tawi la benki yenye jina kubwa la London, kinga yako ni ya Jersey, si ya Uingereza. Tena mfuko wa Jersey una kikomo cha jumla cha pauni milioni 100 katika kila miaka mitano, hata wenye amana wawe wengi vipi.

Mfano upo. Oktoba 2008 mabenki ya Iceland yalipoanguka, matawi yao visiwani yalianguka nayo. Kaupthing Singer & Friedlander ya Isle of Man ilifungwa, na miongoni mwa wenye amana walikuwamo wafanyakazi wengi waliotawanyika duniani. Walisubiri miezi mingi. Waliokuwa na Landsbanki ya Guernsey walikuwa na shida zaidi, kwa sababu wakati ule Guernsey haikuwa na mfuko wa kinga kabisa. Uliundwa baadaye mwaka huo huo. Waliweka pesa huko kwa sababu mahali penyewe palisifika kwa usalama, na sifa ya mahali haikuwalipa.

Sarafu gani?

Anayelipwa kwa dirham au riali, kwa hakika analipwa kwa dola. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu 1986 kwa 3.75, dirham ya Imarati tangu 1997 kwa 3.6725, na riali ya Oman imefungwa vivyo hivyo. Kwa hivyo kuhamisha dirham zako kwenda akaunti ya dola Jersey hakukubadilishii chochote upande wa sarafu. Kuzihamisha kuwa shilingi ndiko kunakobadilisha.

Tazama ilivyokuwa. Mwanzo wa 2020 dola moja ilikuwa takriban shilingi 100. Januari 2024 ilipita 160. Aliyegeuza dola 10,000 kuwa shilingi milioni moja mwanzo wa 2020 alihitaji faida ya karibu asilimia 12.5 kila mwaka, baada ya kodi, ili asipitwe na mwenzake aliyeacha dola zake zikalala bila faida yoyote. Lakini miezi michache baadaye shilingi ilipanda hadi karibu 129 kwa dola. Aliyekimbilia dola kwa hofu ile Januari alipoteza karibu moja ya tano kwa hesabu ya shilingi.

Hakuna anayejua shilingi itakwenda wapi mwaka kesho. Kanuni iliyo salama ni kuweka akiba katika sarafu utakayoitumia. Pesa za kununua kiwanja Kwale ndani ya mwaka mmoja ni pesa za shilingi. Pesa za uzeeni au za kusomesha mtoto ng'ambo miaka kumi ijayo, ziache nyingi kwenye dola.

Angalia pia unapobadilisha. Bei ya soko ikiwa 129 na benki ikakupa 126, kwa kila dola 1,000 umeacha shilingi 3,000 mezani. Tangazo la "kutuma bila ada" halina maana ikiwa ada imefichwa ndani ya bei ya kubadilishia. Hesabu shilingi zitakazofika, si ada iliyoandikwa.

Kodi, na zama za siri zilizokwisha

Wapo wanaodhani akaunti ya nchi ya tatu ni ya kuficha. Zama hizo zimekwisha. Nchi zaidi ya mia moja hupeana taarifa za akaunti kila mwaka: jina, salio, faida. Jersey, Isle of Man, Imarati na Saudia zimo. Kenya nayo imejiunga na ilitoa kanuni zake mwaka 2023. Ndiyo sababu fomu ya kufungulia akaunti hukuuliza unalipa kodi nchi gani na nambari yako ni ipi. Jaza ukweli.

Benki ya Jersey au Isle of Man haikati kodi faida ya mteja anayeishi nje ya kisiwa. Hilo halifuti deni lako mahali unapoishi. Anayeishi Uingereza kwa kawaida hutakiwa kutaja faida zake za ulimwengu mzima. Nchi za Ghuba hazitozi mishahara kodi, lakini upepo unageuka taratibu: Oman ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kodi ya asilimia 5 kwa mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028. Mshahara wa kawaida haufiki hapo, ila ni vyema kujua.

Kenya, benki hukata asilimia 15 ya faida kabla hujaiona. Ukiahidiwa asilimia 10, hesabu 8.5. Na ikiwa una nyumba ya kudumu Kenya na ukafika nchini hata siku chache ndani ya mwaka, sheria yetu inaweza kukuhesabu kuwa mkaazi kwa ajili ya kodi. Mwenye mapato makubwa azungumze na mhasibu kabla ya kuamua.

Jambo jingine: Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu utakatishaji wa fedha. Mwenye pasipoti ya Kenya asishangae akidaiwa karatasi nyingi zaidi: mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi kadhaa, bili yenye anwani, na maelezo ya pesa zilitoka wapi. Ziweke pamoja mapema.

Kwa wanaojiepusha na riba

Akaunti nyingi za akiba za nchi ya tatu hulipa riba, na Muislamu anayejiepusha nayo atapata uchache wa kuchagua visiwani. Lakini Ghuba na Kenya zipo njia. Dubai Islamic Bank ipo tangu 1975, na Oman ina Bank Nizwa tangu 2013. Kwetu, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi 2008. Hiyo ya pili ilinunuliwa na sasa inaitwa Premier Bank. Mabenki mengine ya kawaida pia yamefungua madirisha ya Kiislamu.

Elewa unachotia sahihi. Katika mudharaba, benki hufanya biashara kwa pesa zako na faida mnagawana kwa sehemu mlizokubaliana. Kiwango kinachotajwa ni matarajio, hakiwezi kuwa ahadi, na kwa asili ya mkataba hasara ya mtaji huwa ya mwenye mtaji. Katika akaunti ya wadia, pesa ni amana tu na hudai faida. Uliza ni mkataba gani, sehemu yako ni ngapi kwa mia, na miaka mitatu iliyopita wenye amana walipata nini hasa. Kinga ya amana iulizie vilevile. Neno "Kiislamu" juu ya mlango halisemi chochote kuhusu kiasi utakacholipwa benki ikifungwa.

Kazi ikiisha, au mauti yakifika

Katika nchi za Ghuba akaunti yako imeshikamana na kibali cha ukaazi. Mwajiri akitoa malipo ya mwisho, benki nyingi huifungia akaunti kwa muda mpaka zijue kuwa huna mkopo wala deni la kadi. Ukiwa umeweka akiba yote hapo, unaweza kujikuta una pesa lakini huna nauli. Kwa hivyo usiache akiba ya miaka katika akaunti ya mshahara. Acha ya miezi michache, iliyobaki ihame kila mwezi.

Mauti nayo yana hesabu yake. Hati ya uwakala hufa pamoja na aliyeitoa, kwa hivyo ndugu mwenye hati hiyo hana haki ya kutoa pesa baada ya mwenye akaunti kufariki. Kenya, warithi wa Muislamu huweza kwenda Mahakama ya Kadhi, wakapata amri ya mirathi, na benki ikalipa. Ni kazi, lakini hufanyika hapa hapa, kwa lugha tunayoijua. Akaunti ikiwa Jersey au Isle of Man, warithi watalazimika mara nyingi kuomba kibali cha mirathi huko kisiwani, kwa wakili wa huko, kwa ada za pauni. Mjane wa Majengo ataanzia wapi? Kwa akiba ndogo, gharama hizo zaweza kula sehemu kubwa.

Tatu, usiiache akaunti ikalala. Kenya, pesa zisizoguswa wala kuulizwa kwa miaka mitano huweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, UFAA. Hazipotei, lakini kuzidai ni safari. Ingia kwenye akaunti kila mwaka, na ukibadilisha simu waarifu.

Jihadhari na "mpango wa akiba"

Wapo mawakala wanaozunguka maofisini Ghuba wakiuza mipango ya akiba ya miaka 10, 15 hata 25, ya kampuni zilizosajiliwa visiwani. Huwa wamevaa vizuri na wana michoro mizuri. Kitu hicho si akaunti. Ni mkataba wa bima wenye uwekezaji ndani yake. Malipo ya mwaka wa kwanza na nusu au miwili mara nyingi hufungwa mpaka mwisho wa mkataba, na ukitoka mapema hukatwa faini nzito. Kamisheni ya wakala hutoka humo. Malalamiko yalizidi hata Imarati ikaanza mwaka 2020 kutekeleza kanuni za kuzibana kamisheni hizo.

Kazi ya Ghuba ni ya mkataba wa miaka miwili miwili. Ukitia sahihi ya miaka 25 juu ya kazi ya miaka miwili, aliyekuuzia anajua atakayeshinda. Swali moja linatosha kumfukuza: "Nikiacha kulipa baada ya miezi 12, nitarudishiwa kiasi gani? Niandikie hapa."

Basi uchague vipi?

Kwa anayeweka akiba ya shilingi elfu kumi hadi hamsini kwa mwezi, yaani wengi wetu, akaunti ya nchi ya tatu haina kazi. Nyingi zinadai salio la makumi ya maelfu ya pauni au mshahara mkubwa, na zikipungukiwa hukata ada kila mwezi. Kwake yeye, mpango wa kutosha ni huu: matumizi ya miezi mitatu katika benki ya huko aliko, akaunti ya shilingi kwa jina lake Kenya kwa mipango ya karibu, na akaunti ya dola, Kenya, kwa mipango ya mbali. Zikikaribia shilingi 500,000 katika benki moja, anafungua nyingine.

Akaunti ya nchi ya tatu ina maana kwa mtu wa namna nyingine: mwenye akiba kubwa, anayehama nchi kila baada ya miaka michache, anayelipwa kwa pauni au yuro, au mwenye watoto wanaosoma Ulaya. Huyo anahitaji akaunti isiyofungwa kila akihama. Naye pia asiweke yote huko, na asizidishe kiasi kinachokingwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kabla ya kutia sahihi popote, pata majibu haya kwa maandishi:

1. Akaunti iko chini ya sheria ya nchi gani, na kinga ya amana ni kiasi gani?
2. Salio la chini ni ngapi, na ada ni ngapi nikipungukiwa?
3. Nikirudi Kenya moja kwa moja, akaunti itaendelea au itafungwa?
4. Kutoa pesa zote huchukua siku ngapi, na kuna faini?
5. Kima cha kubadilishia ni kipi leo, na cha soko ni kipi?
6. Nikifariki, warithi wangu walete karatasi gani, na wapi?

Kisha andika orodha ya akaunti zako zote: jina la benki, tawi, na nambari ya akaunti, bila nywila wala namba ya siri. Mpe nakala mtu mmoja unayemwamini nyumbani, na umwambie ipo. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na ndiyo itakayowawezesha watoto wako kujua kuwa baba au mama aliacha kitu, na wakakifuate wapi.